Kabla ya kula chaza wabichi, omba lebo ya gunia

Hili nimelijua kwa mfungua chaza wa kaunta. Ukiwa kwenye baa ya chaza Boston au New York na menyu inasema ni wa maji ya karibu, omba kuona lebo ya gunia. Marekani kila gunia lazima liwe na lebo ya tarehe na eneo walikovunwa, na mgahawa huitunza siku 90, kwa hiyo usione haya kuuliza. Agiza waliovunwa karibuni zaidi. Lakini lebo haikuonyeshi bakteria wa Vibrio, ambao huongezeka maji yakipata joto. Wala limau wala pilipili haviwaui. Mwenye ugonjwa wa ini ale waliopikwa tu, hata kama lebo ni ya jana.