Gari la nyumbani likizeeka: kulitengeneza au kulibadilisha?
Kabla ya kuliuza gari la nyumbani lililozeeka, kusanya risiti za miezi 12 iliyopita, kisha uondoe kwenye hesabu gharama za kawaida kama oili, breki, matairi na betri, kwa kuwa hizo utazilipa hata ukinunua gari jingine. Yanayopaswa kukutia wasiwasi ni injini, giaboksi na kutu ya chasisi. Asubuhi, injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili ina rangi ya chai ya maziwa, yaelekea maji yameingia ndani, mara nyingi kwa sababu ya gasketi (kizibo chembamba kati ya sehemu za injini) iliyoungua, na hapo mwombe fundi hesabu kamili kabla hajafungua chochote. (Povu dogo kwenye kifuniko cha oili pekee, katika baridi ya Julai, lisikushtue.) Kelele za chini ya gari, ambazo mashimo ya mitaa yetu huzileta bila hodi, mara nyingi ni bushi tu (vipande vya mpira kwenye maungio ya chini), na vipuri hivyo hupatikana Kirinyaga Road, Nairobi. Isitoshe, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na kwa kuwa wengi wetu huagiza yaliyokaribia kikomo hicho, hilo “jipya” kutoka Japani huenda likafika likiwa na miaka 7, ushuru ukiwa juu yake.