Somo: Gawa kundi la nyuki kabla halijajigawa lenyewe

Somo hili ni la mwenye mzinga wa viunzi, yaani sanduku la mbao lenye fito za juu ambazo nyuki hujengea masega. Wenye mizinga ya magogo wataona jibu lao kwenye maswali. Huku Tabora watu wanauliza sana kuhusu utitiri wa varoa, wakati makundi mengi yanapoteza nyuki kwa sababu yalijaa mno, yakagawanyika, na bumba, yaani nyuki waliotoka na malkia wao, likaenda kutua kwenye mninga wa jirani. Ukiligawa mwenyewe kwa wakati unabaki na makundi mawili, na utitiri unapungua bila kununua dawa.

Wakati

Usigawe kwa tarehe, gawa kwa dalili. Mara nyingi kundi hujaa mwishoni mwa masika, mti wa muva unapokaribia kuchanua, na tena Septemba hadi Oktoba, mtundu unapotoa majani mapya na maua. Ukigawa Machi, jua kwamba kundi jipya halitakupa asali ya mavuno ya Mei hadi Julai, na lile la zamani litakupa pungufu. Anayetaka debe zima mwezi Juni asigawe kundi hilo, agawe jingine.

Dalili ni hizi: masega 8 au zaidi yamefunikwa na nyuki pande zote, madume ni wengi, na kwenye kingo za chini za masega kuna vikombe vya malkia, yaani mwanzo wa vyumba vya kulelea malkia mpya. Kikombe kikavu si habari. Chenye yai ni onyo. Chenye buu linaloogelea kwenye maziwa meupe maana yake zimebaki siku chache tu, kwa sababu chumba hicho huzibwa siku ya 8 hivi tangu yai litagwe, na bumba hutoka karibu na wakati huo. Ndiyo maana katika wiki za hatari ukaguzi ni kila siku 7. Ukisema utarudi baada ya wiki mbili, utakuta nusu ya nyuki.

Vifaa

Mzinga wa pili uliopakwa nta iliyoyeyushwa, wenye viunzi vya upana wa milimita 32. Upana huo ndio unaofuata nafasi ya masega ya nyuki wetu. Kiunzi kikizidi wanajenga kwa kukatisha, ukinyanyua kimoja unanyanyua vitatu. Ubao wa kizuizi wa kubana nafasi, bomba la moshi, kisu kirefu, unyoya au brashi laini, mavazi kamili na mtu wa pili. Choma gunia safi la katani au maranda makavu. Msichome majani ya tumbaku, hata kama yamejaa ghalani.

Kazi yenyewe

1. Anza saa 10:30 jioni. Unahitaji mwanga wa kuona mayai, na giza lije mara umalizapo ili nyuki watulie. Fungua mzinga mmoja tu kwa jioni moja.

2. Pulizia moshi mara 3 mlangoni, subiri dakika 2. Moshi mwingi unamkimbiza malkia na kulitia kundi zima mawazo ya kuhama. Ukisikia harufu kama ya ndizi mbivu, hiyo ni harufu ya hatari inayotoka kwenye miiba. Fukiza pale ulipochomwa, na ikizidi funga mzinga, urudi kesho kutwa.

3. Anza upande usio na majana, yaani mayai, mabuu na watoto wa nyuki waliozibwa vyumbani. Kata kwa kisu gundi na nta iliyoshika ukutani, ndipo unyanyue kiunzi wima. Hapa ndipo masega mengi huanguka. Sega la mzinga huu halina fremu, linaning'inia kwa nta peke yake, na jioni ya joto nta ni laini. Usililaze kama sahani. Kuona upande wa pili, inua ncha moja ya kiunzi mpaka kisimame kama nguzo, kizungushe kama mlango kwenye bawaba, kisha ukishushe. Muda wote sega limesimama kwa ubavu wake.

4. Usimtafute malkia. Malkia wetu ana mbio, na nyuki wanamfunika. Hamishia mzinga mpya viunzi 2 vyenye mayai na mabuu machanga, 2 vya majana yaliyozibwa, na 2 vya asali na chavua. Panga kwa mfuatano uleule, majana katikati, chakula pembeni. Yai la siku ya kwanza husimama wima chini ya chumba kama uzi mfupi mweupe, la siku ya tatu hulala. Simama jua likiwa nyuma ya bega lako utayaona.

5. Kung'utia humo nyuki wa masega mengine 2 ya majana. Hao ni walezi wachanga, hawajajua njia, watabaki. Wakubwa watarudi kwenye mzinga wa zamani, isipokuwa ukipeleka mzinga mpya umbali wa zaidi ya kilomita 3, usiku huohuo. Kiunzi chenye chumba cha malkia hakikung'utwi kamwe; tumia unyoya, maana mtikisiko unaua au kulemaza malkia aliyemo.

6. Weka kizuizi, na punguza mlango wa mzinga mpya uwe sentimita 3 kwa milimita 8. Kundi dogo halimudu kulinda mlango mpana dhidi ya mende wa mizinga na nyuki wezi.

Baada ya hapo

Siku ya 4 fungua kidogo. Wenye mayai mapya ndio wana malkia. Wasio naye watakuwa wameanza vyumba vinavyoning'inia kama ganda la karanga. Kwenye mzinga wenye malkia ondoa sasa vyumba vyote vya malkia, la sivyo watagawanyika licha ya kazi yote uliyofanya. Kwa wasio na malkia, siku ya 8 au 9 acha vyumba 2 vilivyonenepa, vingine vikate, usije ukatokewa na mabumba madogo yanayofuatana.

Malkia mchanga hutoka siku ya 11 au 12. Kuanzia hapo mpaka siku ya 26 usifungue. Ndio wakati anaruka kupandwa, na akirudi akakuta mzinga umefunuliwa anaweza kupotea au kuuawa. Siku ya 30 kama hakuna yai, wape kiunzi chenye mayai kutoka kundi jingine. Ukikuta mayai matatu manne katika chumba kimoja, mengine yamebandikwa ukutani, hao ni vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wanaotaga. Usipoteze muda kuwapa malkia. Waunganishe na kundi lenye nguvu.

Utitiri

Wakati kundi halina malkia anayetaga, hakuna majana mapya, na varoa huzaana ndani ya majana yaliyozibwa tu. Pengo hilo la wiki tatu ndilo dawa yako ya kwanza.

Kupima: chukua nyuki wa kujaza nusu kikombe cha chai, kama 300, kutoka sega la majana, ukihakikisha malkia hayumo. Watie kwenye kopo lenye kifuniko cha wavu wa milimita 3, ongeza vijiko 2 vya chakula vya sukari ya unga iliyo kavu kabisa, viringisha dakika 1, acha dakika 2, kisha tikisa juu ya sahani nyeupe yenye maji. Gawa hesabu kwa 3 upate idadi kwa nyuki 100. Sukari yenye unyevu inagandamana na utitiri hauanguki, kwa hiyo siku ya mvua usipime. Ulaya na Marekani wengi hushtuka wakifika 3 kwa 100. Nyuki wetu huvumilia zaidi, maana husafisha majana yaliyoathirika. Kinachopaswa kukushtua ni mabawa yaliyokunjamana na majana yenye matundu matundu. Hapo kata masega ya madume yaliyozibwa, ambayo varoa huyapenda kuliko ya vibarua, na baadaye mzalishe malkia kutoka kundi safi. Dawa za kunyunyiza au vipande vyenye sumu visiingie mzingani; nta huzitunza na soko la nje hupima.

Maswali

*Sikonge: Nimekuta mzinga mtupu kabisa, asali hakuna, majana hakuna. Ni kugawanyika?*
Hapana, hao wamehama. Kundi likigawanyika huacha nyuki, majana na vyumba vya malkia. Kuhama husababishwa na njaa, ukosefu wa maji, siafu, au mavuno ya kukomba. Unaporina Julai acha masega 4 ya asali kwa ajili ya kiangazi, weka chombo cha maji chenye vijiti vya kutua, na nyaya za kutundikia zipakwe grisi chafu.

*Mtaalamu, mimi nina magogo 40 tu. Nitagawaje?*
Gogo huwezi kuligawa bila kuharibu masega. Tega badala yake. Tundika magogo matupu mwanzoni mwa msimu, ndani yapake nta na usugue mchaichai. Harufu yake inakaribia ile ambayo nyuki hutumia kuitana.

*Kasulu: Malkia wangu ana vidudu vyekundu kichwani, vinakimbia. Ni varoa?*
Vikiwa na miguu 6 inayoonekana na vinakimbiakimbia kichwani, hao ni chawa wa nyuki, hawana madhara makubwa. Varoa ni mpana kuliko alivyo mrefu, kama kaa mdogo, na hupenda kujibana tumboni mwa nyuki.

*Urambo: Jirani anapulizia tumbaku. Nifunge milango?*
Ukifunga mchana wa joto utawaua kwa joto. Kubaliana naye apulizie jioni nyuki wakisharudi. Akikataa, hamisha mizinga usiku, zaidi ya kilomita 3.

*Malkia nimkamateje?*
Kwa mabawa au kifua, kamwe si tumbo. Mwache apande mwenyewe kwenye kiberiti kitupu. Kumpa kundi jingine, mweke kwenye kijumba cha wavu siku 3 au 4. Puliza juu ya wavu: nyuki wakitawanyika kirahisi mfungulie, waking'ang'ania kuuma wavu ongeza siku 2.