Somo: Kumchagulia mtoto gitaa kavu (lisilotumia umeme) la kuanzia

Mtoto akiacha gitaa baada ya wiki mbili, wengi husema hana kipaji. Kagua gitaa kwanza. Nyuzi zikikaa juu mno hata vidole vya mtu mzima vinachoka, sembuse vya mtoto wa miaka saba.

Hatua ya 1: Saizi. Nenda dukani na mtoto mwenyewe. Umri unakupa pa kuanzia tu: miaka 4 hadi 6 saizi ya robo, 6 hadi 8 nusu, 8 hadi 11 robo tatu, na kuanzia 12 gitaa kamili. Kwenye gitaa kamili, uzi una kama sm 65 kutoka nati ya juu (kijiti chenye mikato ya nyuzi, mwanzo wa shingo) hadi darajani (kipande cha tumboni zinapofungwa nyuzi); kwenye robo tatu ni kama sm 58. Mkalishe kwenye kiti, alishike. Mkono wa kushoto ufike freti ya 1 (freti ni vile vyuma vilivyokingama shingoni, huhesabiwa kuanzia kwenye nati) huku kiwiko kikiwa kimekunjika, na bega la kulia lisipande. Likipanda, tumbo la gitaa ni kubwa kwake. Gitaa si sare ya shule, usimnunulie la kukulia.

Hatua ya 2: Nyuzi. Chukua la nailoni, kwa sababu nyuzi za chuma zinaumiza vidole vichanga. Usidanganyike na nyuzi tatu nene, hata za nailoni huviringishiwa waya. Tazama tatu nyembamba: zikiwa za plastiki, ndilo lenyewe.

Hatua ya 3: Kimo cha nyuzi. Hapa usiharakishe. Beba rula ya chuma ambayo sifuri yake inaanzia ukingoni. Rula nyingi za shule zina nafasi kabla ya sifuri, zitakupa kipimo cha uongo. Isimamishe juu ya chuma cha freti ya 12, upime hadi chini ya uzi mnene kuliko zote. Mm 3 hadi 4 ni sawa. Zikifika 5, mtoto atateseka. Kama mengine yote ni mazuri, fundi anaweza kuchomoa kile kijiti cheupe cha darajani na kukipunguza upande wa chini kwa msasa. Akipunguza mm 2, uzi unashuka mm 1 kwenye freti ya 12. Apunguze kidogo kidogo, maana kikizidi kushuka nyuzi zitagonga freti na kukwaruza.

Kisha pima sauti. Gusa uzi bila kuubana, juu kabisa ya chuma cha freti ya 12, upige. Sasa ubane hapohapo, upige tena. Sauti mbili zisipolingana, kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) hazitakaa sawa hata ukituni vipi. Magitaa mengi ya maduka ya midoli yanaanguka hapa.

Pitisha kiganja pembeni mwa shingo, ncha za freti zisikwaruze. Sukuma karatasi chini ya daraja. Ikiingia, daraja limeanza kubanduka, liache gitaa hilo.

Uso (ubao wa mbele) wa plaiwudi usikutishe. Kwa mtoto wa Mbeya au Njombe ni afadhali, kwa kuwa mbao nzima hupasuka kwa urahisi zaidi hewa inapokauka kuanzia Juni. Lolote utakalopata, lisikae karibu na jiko la mkaa.

Ukiagiza Dar es Salaam, dai picha ya rula kwenye freti ya 12 kabla ya kutuma hela. Kwenye basi lisiwekewe mizigo juu, na nyuzi zilegezwe kidogo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Fundi hapa Mwanjelwa anasema tufunge nyuzi za chuma ili sauti iwe kubwa. Gitaa ni la nailoni.*

Marahaba. Usikubali. Seti ya chuma huvuta kama kilo 70, ya nailoni kama 40. Daraja litang'oka au uso utavimba.

*Kaka, mwanangu anaandika kwa kushoto. Nigeuze nyuzi?*

Mwache kwanza ajaribu la kawaida, wengi wanalizoea. Ukigeuza nyuzi tu, mikato ya nati haitalingana na unene wake: nene hazitaingia, nyembamba zitacheza.

*Niko Makambako. Jipya kabisa, kila asubuhi limeshuka tuni.*

Nailoni mpya huendelea kuvutika kwa siku kadhaa, na baridi ya usiku nayo inaisumbua. Tuni kila siku kwa programu ya simu. Likiendelea baada ya wiki mbili, angalia fundo la darajani kama linateleza.

*Tuna gitaa kubwa tu la kwaya, binti ana miaka 9. Tusubiri?*

Hapana dada. Kama ni la nailoni, funga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni) freti ya 3. Urefu wa uzi unashuka hadi kama sm 55 na nyuzi zinakaribia shingo. Tumbo litabaki kubwa, basi mwekee mguu wa kushoto juu ya kigoda na gitaa likae paja la kushoto. Kodi aanze na Em (E ndogo), vidole viwili tu.