Kabla ya kwenda kuoga maji moto Tokyo na viunga vyake

Ukiuliza mtu wa Tokyo wapi pa kwenda kuoga maji moto, utatajiwa Hakone, Atami na Kusatsu. Majina hayo yamestahili sifa zake. Lakini kabla hujakata tiketi, jiulize unataka kuoga maji gani, kwa sababu kuna nyumba za kuogea za aina mbili na wageni wengi huzichanganya. Sento ni bafu la mtaa. Kwa kawaida maji yake ni ya bomba au ya kisima yaliyochemshwa, na majirani huja jioni na taulo begani. Onsen ni maji ya ardhini, na jina hilo linalindwa na sheria ya mwaka 1948: yanapotoka yawe na nyuzijoto 25 au zaidi, au yawe na kiwango kilichowekwa cha angalau kimoja kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa.

Hilo neno "au" lina uzito. Maji ya baridi yenye madini ya kutosha ni onsen kisheria, na yatapashwa moto kabla hujayaingia. Hakuna ubaya, ila ni vizuri ujue unacholipia.

Wajapani wenyewe walilijua hilo kwa uchungu mwaka 2004, ilipobainika kwamba huko Shirahone, mkoani Nagano, palipo maarufu kwa maji meupe kama maziwa, baadhi ya mabafu yalikuwa yakitia unga wa kuogea ili weupe usipungue. Mwaka uliofuata kanuni zikakazwa. Tangu hapo mwenye onsen lazima abandike tangazo linalosema kama maji yameongezwa maji mengine, yamepashwa moto, yanachujwa na kuzungushwa upya, au yametiwa dawa. Pamoja na tangazo hilo kuna cheti cha uchunguzi wa maji, ambao hurudiwa kila baada ya miaka 10.

Tatizo ni kwamba karatasi hizi mara nyingi ziko ukutani kwenye chumba cha kuvulia nguo, na humo hutoi simu ukaielekeza ukutani ikutafsirie, watu wakiwa uchi mbele yako. Kwa hiyo kazi hii ifanyie nyumbani, kwenye tovuti ya bafu unalolitaka. Maneno ya kutafuta ni "gensen kakenagashi", yakiandikwa 源泉かけ流し: maji yanatoka kwenye chemchemi, yanajaza bwawa, yanamwagika, hayarudi tena. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza, kabla ya mandhari na kabla ya chakula. Kusatsu, chemchemi iliyo katikati ya mji ina joto la zaidi ya nyuzi 50, na wenyeji walizoea kuyakoroga maji kwa mbao ndefu hadi yapoe, ili wasiyazimue kwa maji baridi. Watu walioyaheshimu maji yao kiasi hicho wanastahili safari ya basi ya saa nne hivi kutoka Shinjuku, kituo kikubwa cha Tokyo. Ila ujiandae: maji ya Kusatsu ni makali, yana asidi nyingi (pH yake iko karibu na 2), na kidonda kidogo tu kitawaka moto. Vua vito vyote vya fedha, maana salfa huvigeuza vyeusi.

Kama huna siku nzima, Atami ni chini ya saa moja kwa shinkansen, treni ya mwendo kasi, na Hakone-Yumoto ni kama saa moja na nusu kwa treni ya Odakyu kutoka Shinjuku. Wikendi kote huko hujaa, kwa hiyo nenda katikati ya wiki.

Lakini ningekuomba usitoke mjini kabla hujafika wilaya ya Ota, hasa maeneo ya Kamata. Chini ya mitaa ile ya nyumba na karakana kuna maji meusi yaitwayo kuroyu. Weusi wake unatokana na mabaki ya mimea ya kale yaliyooza ardhini. Ukizamisha mkono huoni vidole, kama umeuchovya kwenye birika la kahawa, na ngozi inatoka laini kabisa. Haya ni maji ya onsen ndani ya sento za kawaida, na bei ya sento Tokyo hupangwa na serikali ya mji: tangu Agosti 2024 mtu mzima hulipa yen 550. Sijui starehe nyingine Tokyo inayokupa vingi hivyo kwa bei hiyo.

Hakikisha tu kwamba bafu lenyewe bado lipo. Mwaka 1968 Tokyo ilikuwa na sento zaidi ya 2,600. Leo hazifiki 500. Kitabu cha safari cha zamani kinaweza kukupeleka kwenye jengo la ghorofa. Sento nyingi hufunguliwa alasiri, na nyingi hupumzika siku moja kwa wiki, kila moja na siku yake. Niliwahi kutembea dakika 20 kwenye baridi ya Januari nikakuta pazia la mlangoni halijatundikwa, yaani pamefungwa. Tangu siku hiyo naangalia siku ya mapumziko kwanza.

Sasa suala la mwili, ambalo kwa wengi wetu ndilo gumu. Utaoga uchi kabisa, wanawake upande wao na wanaume upande wao, na nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Kama dini au malezi yako hayakuruhusu kuwa tupu hata mbele ya wa jinsia yako, usijilazimishe wala usikate tamaa. Tafuta "kashikiri", bafu la kukodi peke yako au na familia yako kwa dakika 45 au saa moja. Nyumba nyingi za wageni za Hakone na Atami wanayo, na mara nyingi huwekwa nafasi mapema.

Wenye tatuu waulize kabla ya kusafiri. Onsen nyingi hukataa, ilhali sento za mtaani kwa kawaida hupokea kila mtu. Dada zetu waliotoka harusini na hina mikononi na miguuni wakumbuke kwamba mhudumu asiyeijua hina anaweza kuiona ni tatuu, kwa hiyo kuuliza mapema kunawahusu pia. Nywele ndefu, rasta au za kusuka, zifungwe juu zisiguse maji. Mafuta ya nazi na losheni yote yaoshwe kwa sabuni, umeketi kwenye kigoda, kabla hujaingia bwawani. Bwawa ni la kujipasha moto, uchafu unaachwa nje.

Ukisafiri na watoto, Tokyo tangu Januari 2022 mtoto wa miaka 7 na kuendelea haingii upande wa jinsia nyingine. Mama mwenye mvulana wa miaka minane apange mapema nani atakwenda naye.

Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo azungumze na daktari wake, kwa sababu sento za Tokyo hupenda maji ya nyuzi 42 au zaidi. Usiingie umekunywa pombe, wala na njaa kali. Kunywa maji kabla na baada.

Mfukoni weka taulo dogo na kubwa, sabuni yako (si kila sento inayo), sarafu za yen 100 za kabati, na mfuko wa plastiki wa kurudishia taulo lililolowa.