Kabla hujaweka mfumo endeshi kwenye Raspberry Pi

Raspberry Pi ni kompyuta ndogo ya bodi moja. Ilipoingia sokoni Uingereza mwezi Februari 2012 ilikuwa na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya MB 256, na waliobuni walitaka watoto wajifunzie kuandika programu. Toleo la 4 na la 5 ni habari nyingine: unaweza kulifunga kwenye televisheni ukaandika barua, ukatunza hesabu za duka au ukafundisha darasa zima, na linakula wati chache tu, hivyo sola ya nyumbani yenye betri nzuri inalimudu. Kuweka mfumo endeshi wenyewe, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, ni kazi ndogo. Wanaolalamika kwamba kikompyuta hiki kinazima chenyewe au kinakwama mara nyingi walifuata hatua zote sawasawa. Walikosea siku ya kununua chaja na memori kadi.

Anza na umeme. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 na ampia 3. Raspberry Pi 5 inataka volti hizo hizo kwa ampia 5. Zote mbili zina tundu la USB-C, kwa hiyo chaja ya simu inaingia vizuri kabisa, na taa inawaka, na mtu anaridhika. Lakini chaja ya kasi hupata wati zake nyingi kwa kupandisha volti hadi 9 au zaidi baada ya kuelewana na simu. Pi hubaki kwenye volti 5, na hapo chaja nyingi za namna hiyo hutoa ampia 2 au 3. Hata chaja ya laptopu ya wati 65 kwa kawaida haivuki ampia 3 kwenye volti 5. Usitazame wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Tafuta kwenye lebo mstari unaoanza na 5V, usome ampia zake. Pi 5 isipopata ampia 5, hubana matundu yake yote ya USB kwa jumla ya miliampia 600, na diski ya nje inaweza isiwake kabisa. Waya nao una neno lake: mwembamba na mrefu hupoteza volti njiani. Volti zikishuka chini ya 4.63 mfumo hutoa onyo la umeme mdogo na hupunguza kasi. Kuhakikisha, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) uandike vcgencmd get_throttled. Jibu zuri ni 0x0.

Kama kwenu umeme hukatika, panga hilo mapema. Pi ikizimika ghafla wakati inaandika kwenye kadi, faili za mfumo zinaweza kuharibika, na isiwake tena hadi uweke mfumo upya. UPS ndogo za ruta (vifaa vyenye betri vinavyoshikilia umeme ukikatika) zinasaidia iwapo tu tundu lake la volti 5 linatoa ampia za kutosha. Pawabenki nazo zijaribu kwanza: baadhi hukata umeme kwa nukta moja pale zinapohama kutoka kuchaji kwenda kutoa, na nukta hiyo moja inatosha kuizima Pi.

Sasa kadi. Kwa mfumo wenye desktopu (madirisha na vitufe vya kubofya) nunua ya GB 32 kwenda juu, yenye alama ya A1 au A2. Alama hiyo inahusu jinsi kadi inavyomudu vipande vidogo vidogo vya data, na hiyo ndiyo kazi ya mfumo endeshi kutwa nzima. Kadi inayorekodi video vizuri kwenye kamera inaweza kuwa ya polepole mno hapa. Kadi bandia ni nyingi, na ubaya wake ni kwamba hujitangaza GB 64 huku ndani zikiwa 8, kisha data zako zinapotea kimyakimya. Ipime kabla ya kuitumia, kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Ukiwa na uwezo, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya USB ni bora kuliko kadi yoyote, na Pi 4 na 5 zinaweza kuwaka kutoka humo.

Pima pia matarajio. Prosesa yake ni ya ARM, aina ile ya kwenye simu na si ya kompyuta nyingi za Windows, hivyo faili za .exe ulizozoea hazitafunguka. Programu ya uhasibu ya Windows ambayo ofisi yako inaitegemea ikikosa mbadala, usinunue Pi kwa kazi hiyo. LibreOffice ya kazi za ofisi, na vivinjari vya Chromium na Firefox, zipo na zinafanya kazi vizuri. Kwa matumizi ya kila siku mimi sishauri RAM chini ya GB 4. Zero 2 W, toleo dogo la Pi lenye MB 512, itakuonyesha desktopu, lakini kurasa za intaneti zitaichosha.

Kagua skrini na waya zake: Pi 4 na 5 zina micro-HDMI, Zero ina mini-HDMI, na monita ya zamani ya VGA itahitaji kigeuzi. Pi 5 haina tundu la sikioni. Mahali penye joto, kama Dar au Mombasa mwezi Februari, nunua feni pamoja na kompyuta, kwa sababu ikifika nyuzi 80 hujipunguza kasi.

Weka bando la kutosha. Raspberry Pi OS, mfumo endeshi rasmi wa Pi, yenye desktopu ni zaidi ya GB 1 kupakua. Unaweza kuipakulia penye intaneti nzuri, kisha ukaiandika kwenye kadi nyumbani kwa Raspberry Pi Imager. Programu hiyo hufuta kila kilichomo kwenye kadi, kwa hiyo toa picha zako kwanza. Kabla ya kuandika, jaza humo jina la mtumiaji, nywila, Wi-Fi, nchi na majira ya saa ya eneo lako. Usiruke nchi, maana bila hiyo Wi-Fi inaweza kubaki imefungwa. Maelekezo yanayokwambia uingie kwa jina "pi" na nywila "raspberry" yamepitwa na wakati: akaunti hiyo iliondolewa Aprili 2022.

Limebaki suala la saa. Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa yenye betri. Pi 5 ina sehemu ya saa lakini betri unanunua mwenyewe. Bila hiyo, muda huchukuliwa kwenye intaneti kila inapowashwa. Ukiona kivinjari kinakataa tovuti nyingi kwa madai ya cheti cha usalama cha tovuti, angalia tarehe kabla hujagusa kitu kingine.