Jeki ya lori: nenda dukani na futikamba

Matajiri wa malori wanaopita gereji yetu hapa Makambako huniuliza swali moja: "Fundi, ninunue jeki ya tani ngapi?" Wengi wao wameshajijibu kabla sijafungua mdomo. Wanataka kubwa kuliko zote. Basi linanunuliwa dude la tani 50, utingo analibeba mgongo umepinda, na siku tairi la mbele linapolala kabisa jeki haipiti chini ya ekseli. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza: nafasi umepima?

Pima hivi. Paki lori mahali pa tambarare, vuta handibreki, weka vigogo kwenye matairi ya nyuma, kisha toa upepo wote kwenye tairi moja la mbele mpaka rimu ikae. Sasa pima kutoka ardhini hadi chini ya ekseli, pale karibu na springi ambapo jeki itakaa. Andika namba hiyo. Kwenye vichwa vingi nilivyopima inacheza kwenye sentimita 20. Jeki ya chupa (ile ya mafuta inayosimama wima) ya kawaida ya tani 20, ikiwa imeshuka kabisa, ina urefu wa kama sentimita 24, na ya tani 50 inakaribia 30. Umeona tatizo lilipo. Zipo fupi za tani 20, chini ya sentimita 20, na zipo zenye bomba mbili zinazotoka moja ndani ya nyingine, ambazo zinaanzia chini na bado zinapanda juu. Hizo bei yake imechangamka, lakini kwa lori la safari ndefu mimi ningelipa.

Nyuma kuna unafuu, kwa sababu upande mmoja una matairi mawili. Likilala la nje, endesha lile zima la ndani lipande juu ya kipande cha mbao, ekseli inyanyuke, jeki iingie. Mbele ujanja huo haupo, kwa hiyo nunua jeki kwa kipimo cha mbele.

Sasa tani. Hunyanyui lori lote, unanyanyua upande mmoja wa ekseli moja. Sheria ya mizigo ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, tani 8 kwa ekseli ya usukani, na tani 24 kwa ekseli tatu za tela zikiwa pamoja. Nusu ya 10 ni 5. Ongeza kidogo, kwa sababu jeki inakaa kwa ndani ya tairi na hivyo inabeba zaidi ya nusu. Ongeza tena kama ni ekseli mbili zilizounganishwa kwa springi, maana ukiinua moja inabeba na sehemu ya mzigo wa jirani yake. Unafika tani 6 au 7. Na tusidanganyane kuhusu mbao mbichi zinazoshuka kutoka Njombe wakati wa mvua. Mizani ya hapa inawajua wanaozidisha. Hata hivyo, tani 20 za kweli zinatosha na chenji inabaki. Jeki ya tani 32 ningempa mwenye lori la kokoto au tela la kubebea matingatinga.

Neno ni hilo: za kweli. Kibandiko hakinyanyui kitu, na nimeona jeki zinazoandikwa 20 zikihema kwenye Fuso tupu. Dukani ninaanza kwa kuibeba. Ya tani 20 yenye chuma cha kutosha inakaribia kilo 10 au inazidi. Ukiinyanyua kwa vidole viwili, irudishe kwenye shelfu. Weka mbili za tani sawa pembeni kwa pembeni utazame bomba linalopanda. Lililo nene linafanya kazi ileile kwa presha ndogo, na mipira yake ya ndani inayozuia mafuta haiteseki. Bomba liwe laini, linang'aa, bila mkwaruzo wala doa la kutu, kwani kila mkwaruzo unakata mpira wa ndani kila linapopanda na kushuka. Pitisha kidole kuzunguka shingo na pale hendeli inaposukumia. Kidole kikitoka na mafuta kwenye jeki mpya, usisikilize hadithi ya "yalimwagika wakati wa kujaza".

Kisha funga valvu ya kushushia, pampu. Ipande kuanzia mipigo ya mwanzo. Ikiwa imepanda, ikandamize kwa uzito wako wote. Ikizama na kurudi juu kama godoro, ndani kuna hewa. Fungua valvu, pampu mara kadhaa, funga, jaribu upya. Hewa si dhambi, inatoka. Ikizama bila kurudi, valvu au mipira haishiki, achana nayo. Na valvu yenyewe ifungue taratibu uone kama bomba linashuka polepole kwa kadiri unavyozungusha. Valvu inayoachia kwa ghafla ndiyo ninayoiogopa kuliko kasoro nyingine yoyote, maana utaijua tabia yake mzigo ukiwa juu.

Muuzaji anayejiamini atakuruhusu kuijaribu kwenye lori lako nje ya duka. Inyanyue ekseli tairi liachane na ardhi kidogo tu, mtu yeyote asiingie chini, chora alama ya chaki kwenye bomba, kanywe chai. Ukirudi alama iwe palepale. Akikataa jaribio hilo, omba akuandikie kwenye risiti kwamba utairudisha. Akikataa na hilo, maduka ni mengi. Muulize pia mipira ya kubadilisha anauza? Jeki isiyo na mipira sokoni inakufa na mpira wake wa kwanza.

Kuna zile zinazotumia upepo wa kompresa kusukuma mafuta. Gerejini ni raha tupu, barabarani ni mzigo mwingine. Na jeki ya kitoroli ya gari dogo, hata kama imeandikwa tani 3, iache kwa magari madogo.

Bajeti ya jeki iwe na bajeti ya vitu viwili vingine. Cha kwanza ni kitako cha ubao. Kitako cha jeki ya tani 20 kina eneo la kama sentimita za mraba 180. Ukiweka tani 5 hapo, kila sentimita inabeba karibu kilo 28, wakati tairi lako linakanyaga kwa kama kilo 8. Kwenye changarawe ya pembeni ya barabara jeki itazama huku lori likibaki palepale. Ubao wa sentimita 40 kwa 40 unashusha mzigo huo hadi kilo 3 hivi. Tumia mlingoti (mkaratusi) au mninga, unene wa sentimita 5 au zaidi. Paini inabonyea, na huku kwetu ndiyo utakayopewa usiposema. Cha pili ni stendi mbili za chuma, au magogo mazito ya mraba. Jeki kazi yake ni kunyanyua. Kushikilia ni kazi ya stendi. Tofali usiweke kabisa, linapasuka bila kutoa taarifa.

Ukishanunua, iweke wima, bomba likiwa limeshuka lote lisipate kutu, valvu imefungwa. Mafuta huongezwa bomba likiwa chini. Tumia mafuta ya haidroliki mepesi. Mafuta ya breki yanaozesha mipira, na mafuta ya injini ni mazito: asubuhi za Juni na Julai huku juu utapampu mpaka jasho likutoke kwenye baridi, na bomba litapanda kwa kusuasua.