Somo: Kuitambua Juncus effusus bila kuchezewa na ndago

Hapa Nairobi kila kinachosimama majini tunakiita matete. Matete ni nyasi, yana viungo kama muwa. Mmea wa leo, Juncus effusus, ni wa majimaji pia lakini si nyasi wala ndago, na hauna kiungo hata kimoja. Vaa gambuti, beba wembe na lenzi ya kukuza mara 10, twende bonde chepechepe la huko Limuru.

Hatua ya 1. Viringisha shina kwa vidole. Likiwa na pembe tatu, ni ukoo wa ndago na mafunjo, liache. Likizunguka laini, endelea, ila usishangilie. Mimi nilishangilia, kumbe nimeshika Eleocharis, mmoja wa ukoo wa ndago: shina duara vilevile, lakini kileleni lina kishuke kimoja tu kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Hatua ya 2. Tazama chini kabisa. Majani hayapo, ni ala za kahawia tu zilizokumbatia tako la shina.

Hatua ya 3. Shada la maua huonekana limechomoza ubavuni. Ile ncha inayopanda juu yake ni jani lililojifanya shina.

Hatua ya 4, niipendayo. Pasua shina kwa urefu. Ndani mna kiini cheupe, laini kama sponji, kinachoendelea bila mapengo. Kisukume kwa ukucha, kitatoka utepe mzima. Uingereza ya zamani walikichovya kwenye mafuta ya wanyama wakakiwasha kama mshumaa.

Hatua ya 5. Lenzi sasa. Ua lina vipande sita, kama ua la kitunguu lililokauka. Kijumba cha mbegu kina mbegu nyingi, ndogo kama vumbi. Ua la ndago hutoa kokwa moja tu.

MASWALI

Mwalimu, wangu una majani, na nikiyapitisha vidoleni nahisi vifundo.
– Basi si effusus. Majani duara yenye vizuizi ndani yanaelekeza kwa Juncus oxycarpus, nao unaota nyanda zetu za juu. Maua yake hukaa kwa vichwa vichwa.

Ng'ombe wanaula?
– Kwa shida. Ndiyo maana malishoni unaukuta umesimama peke yake, nyasi zote zimetafunwa.

Picha ya simu inatosha?
– Moja ya mbali, hapana. Piga tatu: tako, shina lililopasuliwa, na ua. Shina moja linatosha kukata, usiling'oe fungu zima.